Turudi Darajani

Twazungumza nanyi kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Mvua imenyesha usiku kucha, na twajua kwamba baadhi yenu mnatusikiliza huku mkichota maji ndani ya nyumba kwa karai. Choteni tu, ndugu zetu. Sauti itawafikia huko huko.

Somo letu la leo liko katika Injili ya Luka, sura ya 2, kuanzia mstari wa 41. Kisa chenyewe mnakijua. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, pamoja na Yesu aliyekuwa na umri wa miaka 12. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi kwao, naye akabaki mjini pasipo wao kujua. Kila mmoja alimdhania kuwa pamoja na jamaa wengine. Jua likachwa, na safari ya siku nzima imekwisha kufanywa kwa kudhani tu.

Tuuache msafara huo hapo jioni, tuwaeleze kwanza habari zetu wenyewe.

Sisi tunaozungumza nanyi ni wazee wawili wa kanisa. Zamani tulikuwa watatu. Katika ujana wetu, na hata tulipoanza kuota mvi, tulipenda sana mashindano ya mbio za ramani na dira. Hizi si mbio za uwanjani. Mkimbiaji hupewa ramani na dira, naye hutafuta vituo vilivyofichwa porini, kimoja baada ya kingine kwa utaratibu uliowekwa. Kila kituo kina kibendera chenye rangi nyeupe na ya machungwa, na hapo hutoboa kadi yake iwe ushahidi kwamba amefika. Ukiruka kituo kimoja, mbio zako zote ni bure, hata ukirudi wa kwanza. Mchezo huu ulitoka Skandinavia, na afisa mmoja wa jeshi la Uswidi, Ernst Killander, ndiye aliyeueneza kwa vijana kuanzia mwaka wa 1918. Sisi tulijifunza ramani na dira katika uskauti.

Makosa tuliyafanya mengi, na mengine twayacheka mpaka leo. Siku moja dira yetu ilivunjika, tukatumia kitabu kilichotufundisha kuutafuta upande wa kusini kwa kulitazama jua la saa sita mchana. Kitabu hicho kilikuwa kimeandikwa Uingereza, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Lakini sisi tuko hapa kwenye ikweta, na ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo jua letu la adhuhuri husimama upande wa kaskazini. Tukaenda kinyume kabisa, kama Yona. Siku nyingine mwenzetu aliishika dira mkono mmoja na panga mkono wa pili, sindano ikavutwa na chuma, tukapita katikati ya shamba la muhogo la mama mmoja ambaye hakutubariki.

Hayo ni makosa ya kutojua, na mtu huyasahau. Kosa tulilokuja kuwaeleza leo ni la namna nyingine.

Yalikuwa mashindano ya timu za watu wanne katika vilima vya upande wa Maseno. Sisi wazee tulikuwa watatu, na wa nne alikuwa kijana wa kwaya yetu hapa Nyalenda, ambaye wakati huo alikuwa akijifunza ushonaji wa nguo. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye daraja dogo la miti juu ya kijito. Daraja lile lilikuwa wazi katika ramani, tukaweka kidole juu yake, tukajua hakika kwamba tupo hapa. Kutoka pale tulipaswa kufuata dira kuelekea kituo cha saba.

Mara ikapita timu nyingine, inakimbia kwa nguvu, haitazami kushoto wala kulia. Tukasema, hawa wanaijua njia. Tukakunja ramani, tukafuata migongo yao. Hatukujua kwamba wao walipewa utaratibu mwingine wa vituo na walikuwa wakienda pengine kabisa. Baada ya muda wakatuacha, tukabaki peke yetu kati ya mawe makubwa.

Sikilizeni sasa, kwa maana hapa ndipo penye jambo. Tulipoifungua ramani haikufanana na nchi tuliyoiona. Je, tulikiri kwamba tumepotea? Hasha. Tulianza kuilazimisha nchi ifanane na ramani. Ramani ilionyesha jiwe kubwa. Tukaona jiwe kubwa, tukasema ndilo hili, nasi tumo katika vilima ambavyo mawe makubwa hayahesabiki. Ramani ilionyesha njia ya miguu. Tukaona njia ya ng'ombe, tukasema ndiyo hii. Kijito kilichopaswa kuwa kushoto kilikuwa kulia, nasi tukasema huenda kimehama kwa mvua. Mtu aliyepotea na asiyetaka kupotea ana maelezo ya kila kitu.

Ndipo yule kijana akasema kwa adabu, "Wazee wangu, turudi darajani. Pale ndipo mahali pa mwisho tulipopajua kwa hakika."

Kurudi darajani kungetuchukua robo saa. Na hivyo ndivyo ilivyo kanuni ya mchezo wenyewe, sisi ndio tuliomfundisha: ukipotea, simama, ukishindwa kujitambua mahali ulipo, rudi mahali pa mwisho ulipopajua, ndipo uanze upya. Lakini kanuni hiyo ilipotoka kinywani mwa mdogo wetu ilituchoma. Mmoja wetu akamjibu, "Kijana, umeanza lini kutuongoza?" Wengine tukacheka. Hakusema neno tena.

Tukazunguka katika mawe yale muda wa saa moja na nusu. Mvua ya alasiri ikatukuta na radi zake, mnazijua radi za kwetu. Tulipokuwa tukishuka kwa haraka, kijana akateleza juu ya mwamba, akaangukia mkono wa kulia, na kifundo kikateguka. Ule ndio mkono wa mkasi. Majuma mengi hakuweza kukata kitambaa, na mafunzo yake yakasimama.

Jumapili iliyofuata tuliulizwa kanisani kwa nini tulirudi wa mwisho. Tukasema ramani ilikuwa ya zamani, ina makosa. Tulilisema hilo tumesimama mbele ya washiriki, na kijana yule ameketi benchi la nyuma, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Alitutazama tu. Baada ya miezi michache aliacha kwaya, kisha akaacha kuja kabisa. Sisi tukasikitika tukisema kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Mwezi wa Oktoba 2017 palitokea jambo katika marathoni ya Venice, nchini Italia. Wakimbiaji waliokuwa wakiongoza, Wakenya wakiwamo, walifika karibu na kilomita ya 25 wakiifuata pikipiki iliyowatangulia. Pikipiki ikaiacha njia ya mbio, nao nyuma yake. Walipotambua, walikuwa wamekwenda mita mia kadhaa katika barabara isiyokuwa yao. Wakageuka. Walipoteza kama dakika mbili, na ushindi ukaenda kwa Eyob Faniel, Mwitalia mzaliwa wa Eritrea, aliyekuwa nyuma yao. Watu wengi hapa mtaani walikasirikia ile pikipiki. Sisi tulipopata habari hiyo tulitazamana tukanyamaza. Wale walifuata migongo kama sisi, lakini waligeuka mara moja. Sisi tulikuwa bado hatujageuka.

Sasa turudi kwa Yusufu na Mariamu. Jioni ile walimtafuta kwanza hapo walipokuwa, miongoni mwa ndugu na marafiki, na hata sisi tungefanya vivyo. Nani apendaye kurudia njia ya siku nzima kwa miguu? Lakini walipomkosa, waligeuka wakarudi Yerusalemu, mahali pa mwisho walipokuwa naye, na siku ya tatu wakamwona hekaluni. Luka hasemi kwamba waligombana njiani, kwamba huyu alimwambia yule, ni wewe uliyepaswa kumwangalia. Labda waligombana, nao walikuwa wanadamu. Luka anatuambia tu kwamba walirudi.

Ndugu msikilizaji, wewe uliyekopa katika mfuko wa chama cha akina mama ukisema utarudisha mwisho wa mwezi, na mwezi umepita, nawe sasa umeanza kueleza kwamba kile chama hakikuwa na hesabu nzuri tangu mwanzo: unalijua daraja lako. Na wewe baba usiyesemezana na mwanao, nawe walijua lako. Sisi hatuna haki ya kuwakemea. Tulilijua daraja letu, tukalipita kila siku. Nyumba ya kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima na fundi anayejitegemea, haiko mbali. Iko Nyalenda B, kwenye njia ya kwenda Dunga.

Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa tatu, yule aliyesema, "Umeanza lini kutuongoza?" Alikuwa mtu mwema, na alikusudia kwenda. Mara mbili alituambia kwamba atakwenda. Fundi alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu, akaondoka kabla ya chakula.

Juma hili, tukiwa wawili, tulivua viatu tukapita katika tope mpaka kwake. Maji yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa ameipandisha cherehani juu ya meza, naye anachota maji kwa karai. Tukamwambia mlangoni, kabla hajatukaribisha: ndugu yetu, siku ile ulisema kweli. Ramani haikuwa na kosa. Tulisema uongo kanisani, nawe ukabeba mkono wako na uongo wetu pamoja.

Aliendelea kuchota kitambo. Kisha akauliza, "Wazee, hayo mmeniambia mimi. Kanisani mtasema?"

Tukasema, tutasema.

"Basi nitakuja kusikiliza," akajibu, akatupa karai la pili tumsaidie.

Jumapili hiyo ni kesho. Tuombeeni.