Mume, Mke na Mkono wa Gia

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, fundi wa magari wa Cheyo, Tabora, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka)






Wenzangu walionitangulia kusimama hapa wamezungumza juu ya sheria, juu ya kilimo cha tumbaku na juu ya uongozi. Mimi ni fundi wa magari, na gereji yangu iko Cheyo, kwa hiyo nitazungumza juu ya kitu ninachokishika kila siku, nacho ni mkono wa gia. Hasa nataka kueleza jinsi mume na mke wanavyovutana, na jinsi wanavyoweza kupatana, wanapotaka kununua gari la spoti na hawajaamua kama liwe la gia za mkono, ambalo mjini huitwa manyuali, au liwe otomatiki.

Najua baadhi ya wazee wanajiuliza moyoni: gari la spoti, Tabora? Naam, yapo. Siku hizi kijana mwenye kazi huchagua gari kwa picha katika simu, likaletwa kwa meli kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, na usukani wake uko kulia kama yetu. Lile ninaloulizwa zaidi ni Toyota Altezza, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Lina milango minne, kwa hiyo watoto wanaingia bila kukunjwa. Lakini husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mngurumo wake unamridhisha mwenye kupenda mwendo. Liko la gia 6 za mkono, na liko la otomatiki. Basi hapo ndipo maneno yanapoanzia. Mume na mke wamekubaliana juu ya rangi, wamekubaliana juu ya bei, lakini kuhusu kile kifimbo kilicho katikati ya viti viwili hawasikilizani. Ndipo wanapokuja kwangu niwaamulie.

Kwa miaka mingi nimesikiliza hoja zinazotolewa, nami nimezipanga katika mafungu manne. Nitazipitia moja moja, kwa sababu nyingi kati yake hazisimami.

Hoja ya kwanza ni ya wanaume zaidi: kwamba gari la spoti lazima liwe la gia za mkono, na otomatiki ni ya wazee waliochoka. Zamani hoja hii ilikuwa na nguvu. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia 3 au 4 tu, na nguvu ya injini ilipitishwa katika mafuta kabla ya kufika kwenye magurudumu, ikapungua njiani. Lakini dunia haikusimama. Mwaka 1989 timu ya Ferrari ilipeleka katika mashindano ya Formula 1 gari ambalo dereva alibadilisha gia kwa vidole, kwa vijipande vilivyokuwa nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio zake za kwanza kule Brazil. Mwaka 2003 Volkswagen iliuza gari lenye klachi mbili ndani ya giaboksi moja: gia moja inapofanya kazi, inayofuata imekwisha kushikwa tayari. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kushindana na hiyo. Chevrolet Corvette, gari la spoti la Wamarekani tangu mwaka 1953, lilipotolewa kwa sura mpya ya mwaka 2020 halikuwa na gia za mkono kabisa.

Lakini nisiwape ushindi wote watu wa otomatiki. Toyota ilirudisha gari lake la Supra mwaka 2019 likiwa la otomatiki tu. Mwaka 2022 ikaongeza la gia za mkono, kwa kuwa wapenzi wa gari hilo walililia. Kiwanda hicho hicho kilitoa GR Yaris mwaka 2020 likiwa la gia za mkono, na mwaka 2024 kikaongeza la otomatiki. Ikiwa Wajapani wenye wahandisi wao wamelazimika kuwasikiliza watu wa pande zote mbili, mume na mke wa Cheyo wasione haya kuzungumza. Ukweli ni kwamba otomatiki ya sasa inaweza kuwa na mbio zaidi, na gia za mkono zina raha yake. Mbio ni jambo moja na raha ni jambo lingine; mtu aseme anataka lipi.

Hoja ya pili huniudhi: kwamba otomatiki inunuliwe kwa sababu mwanamke hawezi gia. Vijana, andikeni jina hili: Michèle Mouton, Mfaransa. Mwaka 1981 alishinda mashindano ya Sanremo kule Italia, akawa mwanamke wa kwanza kushinda shindano la ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka 1983 alikuja hapa kwetu Afrika ya Mashariki, akashika nafasi ya tatu katika Safari Rally ya Kenya na gari lake la Audi Quattro. Gari hilo lilikuwa la gia za mkono, na Safari ya siku zile ilikuwa matope, vumbi, mawe na usiku usiokwisha. Klachi haiulizi anayeikanyaga ni baba au mama. Inauliza kama amefundishwa.

Hoja ya tatu ni ya gharama, nayo ina maana, ila ielezwe yote. Gari la gia za mkono likifa betri, watu wawili watalisukuma likawaka. La otomatiki halisukumwi likawaka. Klachi ikiisha hubadilishwa, na mafundi wa kazi hiyo wako kila mji. Giaboksi ya otomatiki yataka mafuta yake hasa, safi na ya kiwango chake. Ikipuuzwa ikafa, wengi huishia kutafuta nyingine iliyotumika. Likikwama njiani kati ya Nzega na Tabora, usilivute kwa kamba masafa marefu huku magurudumu yanayoliendesha yakizunguka chini, maana giaboksi huungua. Kwa upande mwingine, anayeendesha kila siku katika foleni za Dar es Salaam na goti lake ni bovu ataijua thamani ya kutokuwa na klachi. Ninachowaonya ni kuitumia gharama kama pazia. Wengi hunena habari ya mafuta ya petroli huku moyoni wana neno jingine.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: anayelipa ndiye anayechagua. Hapa nawaazima wanasheria neno lao. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama yetu ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa hiyo bwana anayesema fedha ni zake peke yake, na akumbuke ni nani aliyempikia, aliyemfulia na aliyewalea watoto alipokuwa akizitafuta. Na kama mke ndiye mwenye mshahara mkubwa, jambo ambalo si geni tena, naye asiitumie hati ya malipo kama fimbo.

Basi, hoja zote nne zikiisha kupepetwa, kinachobaki katika ungo ni nini? Kinachobaki ni ufunguo. Watu wanabishana juu ya gia, lakini wanachogombea hasa ni nani ataliendesha gari na nani atasubiri kupelekwa. Anayesisitiza namna ambayo mwenzake haiwezi, kwa kujua au kwa kutojua, anauweka ufunguo mfukoni mwake peke yake.

Nitatoa mifano miwili, bila majina.

Bwana mmoja wa hapa mjini alinunua gari la gia 6 za mkono. Mkewe alikuwa amejifunza kwa otomatiki tu. Usiku mmoja bwana akashikwa na tumbo, maumivu makali, hawezi kusimama. Gari lipo uani, tangi limejaa, ufunguo uko mezani. Mama akaingia, akajaribu, gari likazimika; akajaribu tena, likaruka kama mbuzi na kuzimika. Akaliacha, akakimbia gizani kugonga milango ya majirani. Alipatikana kijana mwenye bodaboda, wakamweka mgonjwa katikati, mama nyuma akimshikilia. Alifika hospitali, akapasuliwa, akapona, namshukuru Mungu. Lakini saa nzima ilipotea, na gari la fedha nyingi limesimama uani kama jiwe.

Bwana alipopata nguvu walikuja gerejini pamoja. Yeye akasema, "Fundi, nitafutie mnunuzi, nichukue otomatiki." Mkewe akamkatiza kwa upole: "Baba watoto, usiliuze. Unalipenda, nami nimekwisha kulizoea sauti. Nifundishe." Walikwenda katika uwanja wa wazi jioni baada ya jioni. Kwanza alijifunza jambo moja tu, mahali klachi inaposhika: kuiachia taratibu mpaka gari litetemeke kidogo, na kusimama hapo, bila kukanyaga mafuta. Baada ya hapo mengine yalikuja yenyewe. Leo yeye ndiye anayelipeleka Nzega na kurudi.

Mfano wa pili umegeuka. Binti wa dereva wa lori, aliyekua akimwona baba yake akibadilisha gia, aliolewa na kijana mpole aliyejifunzia otomatiki. Mke akataka Altezza la gia za mkono. Mume akaleta hesabu za spea, akaleta habari za foleni, akaleta hata habari za kuuza gari baadaye. Nilimtazama nikamwambia, "Mwanangu, sema lile lililo rohoni." Akakaa kimya, kisha akasema, "Mzee, naona haya kufundishwa na mke wangu." Mkewe hakucheka. Alimwambia kwamba raha yake si kumshinda. Raha yake ni kusikia mkononi kile alichokuwa akikisikia alipokaa karibu na baba yake. Yule kijana hakuwa amewahi kuambiwa hivyo. Mwishowe walinunua otomatiki, kwa sababu yeye ndiye atakayeendesha siku tano za juma kwenda kazini, na wakaweka akiba ili baadaye wapate kijigari kidogo cha gia cha mama. Kila mmoja alipungukiwa kitu, lakini hakuna aliyenung'unika, maana kila mmoja alikuwa amesikilizwa.

Kutokana na hao na wengine nimepata utaratibu ninaowapa wateja wangu kabla hawajatuma fedha Japani. Kila mmoja achukue karatasi yake, akae mbali na mwenzake. Aandike siku saba za juma, na kila siku ni nani atakayeendesha na kwenda wapi. Chini yake aandike: usiku wa ugonjwa, ni nani atakayeendesha? Na mwisho aandike sababu yake ya kweli, hata kama ni ya kitoto, hata kama ni kupenda tu mngurumo. Kisha wabadilishane karatasi, wasome kimya, ndipo wazungumze. Na sharti langu ni moja: gari lolote litakalochaguliwa, wote wawili wawe wameweza kuliendesha kabla halijafika bandarini. Ni kiasi gani cha mafunzo kinachohitajika huonekana hapo hapo, na bei yake iwekwe katika bei ya gari.

Ndugu zangu, mji wetu huu ulikua kwa misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na Wanyamwezi walisifika kwa upagazi kote ilikopita. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wengi walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na chakula na kupika kambini. Msafara haukung'oa mguu mpaka mizigo imegawanywa na kila mtu anajua atakachobeba, kwa sababu nyikani si mahali pa kuanza kugawana. Gari nalo ni msafara wa watu wawili. Gawaneni mizigo ingali nyumbani.

Nanyi vijana wa kidato cha kwanza hadi cha sita, najua kwamba leo hamna gari wala mke. Lakini siku itakuja. Mkipata nafasi ya kujifunza kuendesha, jifunzeni kwa gia za mkono, wavulana na dada zenu pia, kwa kuwa anayejua klachi huzoea otomatiki kwa muda mfupi, na anayejua otomatiki peke yake hana budi kuanza upya. Uingereza, aliyetahiniwa kwa otomatiki hupewa leseni ya otomatiki tu; Kenya pia wana daraja la leseni la namna hiyo. Na mkifika kwangu na wenzi wenu siku hiyo, karatasi nitawapa mimi, na kalamu mbili.