Si Kila Mlimani ni Mlima

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na vijana wa Kidato cha Sita)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kuchagua chuo. Habari hiyo ni pana mno kwa dakika nilizopewa, na wenzangu waliotangulia wamekwisha kuieleza kwa upande wa ajira na mikopo. Mimi nitashika upande mmoja mdogo, ambao najua baadhi yenu mtaucheka: kijana apendaye kupanda na kushuka milima kwa baiskeli achague chuo gani. Chekeni tu. Sisi watumishi tunaokaa vitini mchana kutwa twajua shinikizo la damu linavyomwingia mtu taratibu, na mchezo aliouzoea mtu akiwa na miaka 20 ndio anaoendelea nao akifika 40.

Nianze na lile ambalo wazazi wanataka kulisikia. Kozi kwanza. Kama unataka udaktari, nenda panapofundishwa udaktari hata kama nchi yenyewe ni tambarare kama meza. Hakikisheni pia kwamba chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Lakini siku hizi mnaomba moja kwa moja vyuoni, na mtu aweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu kwa wakati mmoja, kisha akatakiwa kuthibitisha kimoja. Hapo ndipo wengi hufuata jina la mji. Mimi nasema kama kozi ni ile ile na vyuo vyote viwili ni vizuri, mlima na uamue. Utakaa pale miaka mitatu au minne, na kila wiki ina jioni zake na Jumamosi yake.

Wengi wenu mnaitazama Dar es Salaam. Kampasi Kuu ya Chuo Kikuu inaitwa Mlimani, na jina hilo limewadanganya wengi. Kilima chenyewe utakimaliza kabla jasho halijatoka, na ukishuka unapokewa na daladala za Barabara ya Sam Nujoma. Viko vilima vya Pugu, lakini kuvifikia ni kupita katikati ya malori. Chuo ni kikubwa na sifa zake ni za haki. Kwa baiskeli ya mlimani, hapana.

Morogoro ni habari nyingine. Kampasi Kuu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho kabla ya mwaka 1984 kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Ukitoka darasani mlima umekusimamia usoni. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na kilele kirefu cha Uluguru, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Ipo njia ya kupanda hadi Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, na atakayeifikisha baiskeli pale bila kushuka mara tatu nitamvulia kofia. Juu ya hapo ni msitu wa hifadhi, hauingiwi bila kibali. Faida nyingine ni kwamba mji ule una vyuo zaidi ya kimoja: Sokoine kwa kilimo, mifugo na misitu, Mzumbe, nje kidogo kwa barabara ya Iringa, kwa utawala, sheria na biashara, kisha Chuo Kikuu cha Waislamu na Jordan. Ukikosa kimoja waweza kupata kingine, na mlima ni ule ule.

Kwa wenye kutaka stashahada ya sheria kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Sijui mahali pengine katika nchi hii panaponipendeza zaidi kwa mchezo huu. Kutoka Mombo kupitia Soni ni kilometa zipatazo 33, na unapanda karibu mita 1,000. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, ina kona, na mabasi hayana subira. Raha yenyewe iko Lushoto juu, kwenye vijia vya kwenda Irente, Magamba na hata Mlalo. Chukueni sweta, mwezi wa Julai kule baridi haina mzaha.

Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, na vijia vya katikati ya migomba na kahawa kwenda Kibosho na Marangu. Udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi, basi mapafu yatafundishwa bila ada ya ziada.

Hapa sharti niseme jambo ambalo halimo katika vitabu vya vyuo, nalo ni mvua. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, wakati vuli inaingia Uluguru na Usambara. Masika yanashika Machi hadi Mei, na likizo ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba, pale pale vijia vinapokuwa vikavu na vizuri. Atakayekimbilia nyumbani siku ya mtihani wa mwisho ataona matope miaka yote mitatu na kusema mlima ni mbaya. Januari na Februari zitumieni vizuri. Mafunzo kwa vitendo, kama chuo kinaruhusu, ombeni myafanye huko huko mliko.

Juu ya chombo chenyewe, nunueni kwa kufikiria fundi. Breki za mafuta ni nzuri, lakini katika mji mdogo kipuri chake utakisubiri mwezi mzima. Breki za waya fundi yeyote wa chini ya mti ataziweza. Baiskeli za mitumba za tairi inchi 26 zapatikana, na tairi lake pia. Kofia ngumu si mapambo.

Nasema hivi kwa sababu mwenzetu mmoja, tukiwa mwaka wa pili, alikatika waya wa breki ya mbele akiteremka. Alivunjika paja. Alikosa mitihani, akaahirisha mwaka, na mama yake, ambaye ni mkulima, ndiye aliyekuja kumuuguza wakati wa kupalilia. Hasara ile haikuwa ya yule kijana peke yake. Waya mpya ungemgharimu chini ya chakula cha mchana.

Na vijia vile vina wenyewe. Waluguru na Wasambaa hawakuvitengeneza kwa ajili ya mchezo wetu. Ndivyo vya kwendea shambani, kisimani na sokoni. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hana mahali pa kukwepa. Mkimwona, punguzeni mwendo, shukeni, amkieni, apite. Mwanafunzi mmoja akimgonga mtu, kijiji kitawafungia njia wote, nami nitakuwa upande wa kijiji.

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi juu ya Marekani. Ni kweli, huko vipo vyuo vyenye timu na kocha wa baiskeli za mlimani. Kimojawapo ni Fort Lewis, katika mji wa Durango, Colorado, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Mji huo ndio ulioandaa Mashindano ya Dunia ya mwaka 1990, yaliyokuwa ya kwanza, na njia za Horse Gulch zinaanzia ubavuni mwa chuo. Mwenye ufadhili na aende. Asiye nao asimuuzie baba yake shamba kwa ajili ya kijia, wakati Uluguru ipo.

Maombi ya shahada kwa kawaida hufunguliwa Julai, matokeo yenu yakishatoka. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe. Baiskeli yangu nimekuja nayo, na atakaye kujifunza kukaza waya wa breki na aje na mikono mitupu. Bisibisi na spana ninazo.