Dawa Zinazogandisha Damu Wakati wa Upasuaji



Mgonjwa anapofanyiwa upasuaji, daktari huzuia damu kwa kubana mshipa, kuufunga kwa uzi au kuuchoma kwa umeme. Lakini ini, kwa mfano, likikatwa huvuja sehemu nyingi ndogo ambazo uzi hauzifungi kwa urahisi. Hapo hutumika dawa za kugandisha damu zinazowekwa juu ya jeraha lenyewe.

Sponji ya jelatini na kitambaa cha selulosi huipa damu mahali pa kushika na kuganda, kisha huyeyuka mwilini taratibu. Gundi ya fibrini huja na protini zake za kugandisha, hivyo humsaidia hata mgonjwa ambaye damu yake huganda kwa shida. Hata hivyo, mshipa mkubwa uliokatika lazima ufungwe.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari kama unatumia dawa zinazopunguza kuganda kwa damu, kama aspirini au wafarini, kama una mzio, au kama uliwahi kutoka damu nyingi baada ya kung'olewa jino. Baadhi ya sponji hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Kama imani yako inakukataza, uliza mapema.