Mashine ya Muziki Iwe Mikononi mwa Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Tezo)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo vikundi vingine vimelikubali na vingine bado vinalikataa: kwamba likizo ya Agosti vijana wetu wafundishwe kutengeneza muziki kwa kompyuta na kupiga picha za video, na kila kikundi kichangie. Nimemsikia mama mmoja akiuliza, "Kwani hii si disco matanga iliyovalishwa kanzu?" Mama, swali lako ni zuri. Tuanzie hapo.

Disco matanga sote twaijua. Watu wamefiwa, pesa za mazishi hakuna, basi spika na jenereta zinakodiwa, muziki unapigwa usiku kucha na michango inakusanywa. Asubuhi deni limelipwa, lakini kuna binti wa shule hakulala kwao. Miezi ikipita, dawati lake li tupu. Hapa Kilifi serikali imepiga marufuku disco hizi zaidi ya mara moja, na bado twazisikia. Marufuku inazima spika usiku mmoja, haimpi kijana kazi ya kufanya siku inayofuata.

Spika yenyewe haina dhambi. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinubi, matari na matoazi, vyote kwa sifa za Mungu. La kuuliza ni nani anaishika mashine, saa ngapi, na kwa faida ya nani.

Tuwatazame wenzetu. Zanzibar, tangu mwaka 2002, kuna chuo cha muziki pale Mji Mkongwe, DCMA, ambako vijana hujifunza taarab na ngoma kwa mabingwa wenyewe. Nairobi, kituo cha Santuri kilianzisha mwaka 2021 chuo cha kufundisha muziki wa kielektroniki. Na huko Mtwara, kusini mwa Tanzania, miaka ya 1990, wavuvi walitumia video kupinga uvuvi wa baruti. Walieleza shida yao mbele ya kamera, kisha kanda ikaonyeshwa kwa wanavijiji wengine na kwa viongozi. Mtu ambaye hakuwahi kusikilizwa ofisini alisikika kwenye televisheni.

Sisi je, tuna nini cha kurekodi? Tunacho kingi! Mwaka 2008 misitu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mwaka 2009, mila zinazoshikamana na Kaya hizo zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Maana yake, wanaozijua wanapungua. Matanga yetu yalikuwa na muziki wake kabla ya jenereta kufika. Mwanzele ilichezwa matangani, wazee wakiwepo, na vijana wakijua mipaka. Leo, vijana wangapi hapa wanaweza kuiimba?

Kazi yenyewe si ya kutisha. Kijana anarekodi kayamba peke yake, kisha ngoma, kisha sauti ya hawe. Katika kompyuta kila sauti inakaa mstari wake. Ngoma ikiharibika, inarudiwa ngoma tu, hawe hasumbuliwi tena. Programu ya Audacity hupatikana bure. Intaneti yahitajika siku ya kuichukua tu. Simu nzuri yatosha kuanzia. Iwekwe isipokee simu wakati wa kurekodi, na isogezwe karibu na mwimbaji, mbali na upepo na kuku.

Kwa hiyo nashauri mambo manne:

1. Tusianze kwa kununua kompyuta. Tuazime zilizopo, na pesa za kikundi zilipe umeme, chakula cha mchana na mwalimu.

2. Masomo yafanyike mchana, yaishe kabla jua halijatua. Watu wazima wawili wawepo kila siku, mmoja wao awe mama. Nusu ya nafasi ziwe za wasichana.

3. Kazi ya kwanza ya kila kijana iwe kumrekodi mzee wa kwao, kwa ruhusa yake.

4. Tuandike karatasi kabla ya kurekodi: wimbo ni wa nani, utapelekwa wapi, na pesa zikipatikana zitagawanywaje. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda ujuzi wa jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iombwe ridhaa kwanza na ipate sehemu ya haki katika faida. Lakini sheria haimsaidii asiyejua kwamba ipo. Mgeni akija na mashine yake kurekodi, mweka saini asome kwanza.

Sisemi kila kijana atapata riziki kwa muziki. Wengi hawatapata. Lakini aliyejua kurekodi ataweza kupiga picha za harusi, kutengeneza tangazo la afya, au kuonyesha barabara mbovu kwa wanaohusika. Na siku ya matanga, familia itaweza kumwita kijana wa Tezo aweke muziki wa heshima hadi saa mbili usiku, watu wachange, na kila binti arudi kwao.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni wazee gani wanaojua nyimbo ambazo vijana hawazijui?

2. Familia iliyofiwa tutaisaidiaje kupata pesa bila disco matanga?

3. Kikundi chetu kinaweza kuchangia nini: pesa, mahali, chakula au mtu wa kuwaangalia vijana?