Pemba, Upungufu wa Damu na Sumu ya Risasi



Bagamoyo, kama kwingineko nchini, udongo wa kula uitwao pemba una wateja wengi, hasa akina mama wajawazito. Hamu hiyo haistahili kuchekwa, kwani mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Ila udongo hautibu upungufu huo. Hunasa chuma kilichomo katika chakula na kutoka nacho, na baadhi ya udongo wa aina hiyo umekutwa na metali zenye sumu, ikiwemo risasi.

Madhara hayo mawili hukutana utumboni. Ukuta wa utumbo una vibebeo vinavyopokea chuma na kukiingiza katika damu. Chuma kikipungua, mwili huongeza vibebeo hivyo ili usipoteze hata chembe. Lakini vibebeo hivyo havichagui vizuri: hubeba pia risasi na kadimiamu. Hivyo mwenye upungufu wa chuma huweza kufyonza sumu nyingi kuliko jirani yake aliyekula chakula kilekile. Kalsiamu nayo hushindana na risasi. Ikikosekana, risasi hupata nafasi, na hukaa mifupani kwa miaka mingi. Wakati wa ujauzito, mifupa ikitoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi hutoka pamoja nayo na kuvuka kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa hatari haiishi: mtoto mdogo huweza kufyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza.

Chakula, hata hivyo, kina mipaka yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza mwaka 2007 kiliwasababishia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna mlo ambao ungetosha kuwakinga. Kwa sababu hiyo, mvuvi anayeyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi za nyavu asifanye hivyo jikoni wala karibu na watoto.

Nyumbani, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutoa kalsiamu na chuma. Chuma cha maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi kikiambatana na ndimu au embe. Chai ingoje walau saa moja baada ya mlo, kwa kuwa hukizuia. Mama anayetamani pemba amweleze muuguzi kliniki bila aibu, apimwe wingi wa damu, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa avimeze, visibaki kabatini.