Daftari Sandukuni: Fedha za Reli na Haki ya Kujua



Sikuja kubishana kama reli yetu mpya ni nzuri. Nimeipanda kutoka Miritini hadi Nairobi, kilomita 472, na chai yao inanyweka. Swali langu ni la dukani tu: anayelipa huonyeshwa bili lini?

Maana mlipaji tunamjua. Mwaka 2013 bidhaa zinazoingia Kenya zilianza kutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani yake. Mwenye duka la leso aliyeagiza majora yake kupitia bandari ya Kilindini ameichangia reli hii hata kama hajawahi kukanyaga behewa. Mei 2014 ikatiwa saini mikopo ya Exim Bank ya China. Zabuni ya ushindani haikutangazwa: kampuni ya China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyofanya upembuzi yakinifu, bila malipo, kisha ikapewa kazi ya kujenga. Fundi anayekukagulia nyumba bure hakosi kuona ufa.

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hawakutwambia la kufanya daftari linapokuwepo, limeandikwa vizuri, ila limefungiwa sandukuni.

Katiba ya 2010 ilitwambia. Tunapenda kunukuu mwanzo wa Kifungu cha 35, unaompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Tunausahau mwisho wake, nao ndio wenye meno: dola inatakiwa kuchapisha yenyewe habari muhimu zinazogusa taifa, bila kungoja kuombwa. Mwishoni mwa 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliahidi mbele ya wanahabari, hapa Mombasa, kwamba mkataba wa reli ungeonyeshwa. Haukuonyeshwa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaandika barua, kisha wakaenda mahakamani. Serikali ikajitetea kwa vipengele vya usiri. Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba stakabadhi zitolewe. Hata hapo hazikutoka. Ilibidi serikali ibadilike kwanza, ndipo Novemba mwaka huo Waziri Kipchumba Murkomen akaweka mikataba ya mikopo hadharani.

Tukaisoma. Mkopo mmoja ulikuwa na riba ya asilimia 2, kwa miaka 20. Mwingine, uliokaribiana nao kwa ukubwa, ulikuwa wa kibiashara: riba yake ilipanda na kushuka na soko la dunia, na juu yake iliongezwa asilimia 3.6. Ugomvi ukizuka, usuluhishi ni Beijing. Na ndani ya mikataba hiyo kuna kipengele kinachotaka masharti haya yawe siri. Wengi walitafuta kashfa kubwa zaidi ya hapo wakasikitika kuikosa. Mimi kilichonishtua ni tarehe. Tulikuwa tunasoma 2022 karatasi za 2014, treni inakimbia tangu 2017, deni limeshaanza kulipwa. Kujua kwa namna hiyo kunamfaa mwanahistoria, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nashukuru. Mlipaji hakuachiwa cha kuamua.

Ndiyo maana sipigi makofi kila ninaposikia kwamba stakabadhi fulani ya barabara au bandari "imetolewa." Nauliza: kabla ya saini au baada yake? Mkopo wa uchukuzi unaolipwa kwa tozo ya umma uwekwe wazi ungali rasimu, riba na dhamana zikionekana, wiki kadhaa kabla Waziri hajashika kalamu. Mkopeshaji anayedai usiri aambiwe kwamba Katiba ilimtangulia mezani.

Mfano wa mwisho, wa hapa hapa Changamwe. Mwaka ule ule wa 2014 Mamlaka ya Bandari ilijifunga kwa mkataba kuipatia reli kiwango maalumu cha shehena, na kikipungua, ilipe. Wenye malori, wasioujua mkataba huo, waliendelea kukopa benki wanunue matrela. Ilipofika 2019, ikatoka amri kwamba makontena ya bara yapande treni, wakamiminika barabarani kuandamana. Dereva mmoja aliniuliza siku hizo, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mwalimu, hili jambo liliamuliwa lini?" Nilimwambia mwaka. Akahesabu kwa vidole, akaniambia trela lake alilinunua 2016.