Jadweli la Uhuru: Katika Kuzitetea Picha za Anga
Mhadhara wa umma uliotolewa Masaki, wilaya ya Kisarawe



Mwaka jana, katika kongamano la walimu wa sayansi, msomi mwenzangu mmoja, ambaye adabu inanikataza kumtaja, alisimama akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu inayowafanya watu wasadiki hata kabla ya kuisikia hoja, kwamba picha za sayari na nyota zilizobandikwa katika kuta za madarasa yetu si picha hata kidogo, bali ni michoro iliyotiwa rangi na mafundi wa Marekani ili serikali yao izidi kuwapa fedha. Kwamba taswira ya kweli ya mbingu ni ile tu ambayo jicho la binadamu lingeiona lau lingefikishwa mahali pale. Na kwamba, madhali hakuna jicho lililofika, mwalimu mwaminifu hana budi kuzibandua zote. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku ile sahibu zangu wamechoka kunisikiliza nikibishana na mtu asiyekuwapo. Basi ninyi mliokuja kwa hiari yenu ndio mtakaolipishwa deni hilo jioni hii.

Nakishukuru chuo changu kwa kukubali mhadhara huu usomwe hapa badala ya jijini, ingawa nimearifiwa kwamba wageni wawili waalikwa wako katika ile Masaki nyingine, ya mabalozi, kwenye rasi ya Msasani, wakiulizia ukumbi. Tutawasamehe. Kule taa ni nyingi mno, na mtu hawezi kuzitetea nyota mahali ambapo hazionekani.

Sitawachosha kwa habari za darubini tangu zama za Galileo, wala kwa maelezo ya jinsi kioo kinavyokusanya mwanga; hayo yamo katika kitabu chochote cha fizikia cha sekondari. Nitakwenda moja kwa moja kwenye nguzo ambayo mwenzangu ameijengea nyumba yake yote, nayo ni jicho.

Tokeni nje usiku huu, mkiupa kisogo ule weupe wa Dar es Salaam unaopanda upande wa bahari, mkainue macho. Mtauona ule mkanda wa Njia Nyeupe ukipita juu yenu, nanyi mtasema ni mweupe kwa kuwa jicho limekuambieni hivyo, ilhali ndani yake zimo nyota nyekundu, za manjano na za samawati kwa mamilioni. Sehemu za jicho zinazofanya kazi gizani hazina uwezo wa kupambanua rangi, basi mwanga wowote ulio hafifu tunauona mweupe au wa kijivu. Ni nyota chache tu zilizo kali, kama ile nyekundu iliyo katika moyo wa kundi la nyota la Akarabu, ndizo zinazotufikia na rangi yake. Fauka ya hayo, jicho halina akiba: mwanga lililoupokea sasa hivi halina namna ya kuuweka na kuuongezea wa saa ijayo, ambapo darubini ya Hubble, mnamo Desemba 1995, ilielekezwa siku kumi mfululizo kwenye kipande kidogo sana cha mbingu kilichodhaniwa kuwa kitupu, ikatoa humo galaksi zipatazo 3,000. Je, tuseme galaksi hizo si za kweli kwa sababu jicho lisingezingoja? Na kama jicho ndilo hakimu wa mwisho asiyekosea, mbona kila mwaka tunagombana juu ya mwandamo wa mwezi, huyu akiapa kwamba ameuona na yule kwamba haukuonekana, na wote wawili wana macho mazima? Hilo nalisema kwa heshima, na kwa haraka, nisije nikafungua baraza ambalo sitaweza kulifunga.

Sasa natuje kwenye rangi, ambako ndiko tuhuma yenyewe iliko. Mwenzangu aliitolea mfano ile picha mashuhuri ya nguzo za gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na kutayarishwa na Jeff Hester na Paul Scowen, akasema kwamba kijani kile na buluu ile ni uzushi. Angejitaabisha kuuliza, angeambiwa kwamba mwanga ulipitishwa katika vichujio vitatu, kila kimoja kikiruhusu alama ya kitu kimoja tu: salfa ikawekewa nyekundu, haidrojeni kijani, na oksijeni buluu. Kwa nini? Kwa sababu mwanga ule wa haidrojeni na ule wa salfa, kwa jicho, vyote viwili ni vyekundu, tena wekundu unaokaribiana mno. Anayeng'ang'ania rangi za jicho atapata wekundu mmoja uliochanganyika, asijue salfa imekaa wapi na haidrojeni wapi. Rangi zile zimefichua jambo ambalo wekundu wa asili ungelificha. Mtu anayedanganya hafanyi hivyo. Na, lililo kubwa zaidi, hatangazi hadharani rangi ipi inasimama mahali pa nini, kama walivyotangaza mabwana hao tangu siku ya kwanza.

Wala si mara ya kwanza mkono wa binadamu kutia rangi katika taswira ya sayari bila ya kuwapo hila yoyote. Mnamo Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikapiga picha za kwanza za karibu za sayari hiyo, kila picha ikiwa na mistari 200 na kila mstari nukta 200, na kila nukta ikiwa namba tupu baina ya sifuri na 63 kueleza weupe na weusi wake. Chombo kilikuwa mbali, sauti yake ya redio ilikuwa dhaifu, na namba zilifika kwa uvivu ambao kijana wa leo mwenye simu hataweza kuufikiria: picha moja ilihitaji zaidi ya saa nane. Huko Pasadena, ambako namba hizo zilipokewa, Richard Grumm na wenzake hawakuweza kustahimili kuingoja mashine iwasafishie picha. Walichukua vibanzi vya karatasi vilivyochapwa namba hizo, wakavipanga ubaoni kimoja baada ya kingine, wakanunua chaki za rangi, wakaamua namba hizi zipakwe kahawia, hizi nyekundu, hizi manjano, kisha wakaketi kupaka kwa mkono, namba baada ya namba, mpaka ukingo wa Mirihi ukajitokeza mbele yao. Ubao huo umehifadhiwa hata leo, na ukiukaribia unazisoma namba chini ya chaki. Napenda mwenzangu aniambie: ni wapi hasa, katika ubao ule, ndipo ukweli ulipotoka na uongo ukaingia?

Nitaongeza moja, kisha nimwache apumue. Nani miongoni mwetu, aliyepigwa eksirei ya kifua, alimwambia daktari kwamba mbavu zile si zake kwa kuwa hakuna jicho lililowahi kuziona? Huichukua bahasha yake, akaenda zake, na akiambiwa ana maji katika pafu husadiki na kumeza dawa. Mionzi ile ile, ikitoka kwenye nyota badala ya mashine ya hospitali, eti ndiyo ya kutiliwa shaka.

Mtu muungwana humpa hasimu wake haki yake, nami nakiri kwamba baadhi ya manung'uniko ya mwenzangu yana msingi. Picha hizi hutufikia zikiwa uchi: magazeti na simu huzisambaza bila kusema ni chombo gani kilichopiga, kwa mwanga wa aina gani, na rangi imekaa badala ya nini. Ile pete ya rangi ya machungwa iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, ya shimo jeusi la galaksi ya M87, imeonekana na watu wasio na idadi, na ni wachache waliopata kuambiwa kwamba ni mawimbi ya redio, yaliyokusanywa na darubini za nchi mbalimbali zilizofungamanishwa kwa hisabu, na kwamba rangi ile imechaguliwa tu. Isitoshe, siku hizi yeyote mwenye programu anaweza kubuni sayari akiwa kitandani kwake. Lakini dawa ya shahidi asiyejitambulisha ni kumtaka aseme jina lake, si kumfukuza mahakamani.

Na hapa ndipo nafika kwa shahidi wangu nimpendaye kuliko wote, ambaye alipandia mbinguni kutoka pwani yetu wenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa yapata kilo 140, ambayo kwa hishima ya siku ile Bi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliipa jina la Uhuru. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ya Ikweta: dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, huisukuma roketi, na njia inayofuata Ikweta huiepusha setilaiti na ile sehemu ya juu ya Atlantiki ya kusini yenye chembe nyingi za mnururisho. Kabla ya hapo, eksirei za nyota zilikuwa zikipimwa kwa roketi zilizokaa juu ya angahewa dakika chache tu. Ndivyo Riccardo Giacconi na wenzake walivyokigundua mwaka 1962 chanzo cha kwanza nje ya jua, katika kundi la Akarabu.

Uhuru haikuwa na kamera, wala kioo, wala lenzi. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kimoja kikichungulia kupitia dirisha jembamba la nusu digrii kwa tano na kingine kupitia dirisha pana zaidi, nayo ikajigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ikihesabu kila eksirei iliyoingia, mpaka ilipokoma mwezi Machi 1973. Kutokana na kuhesabu huko likapatikana jadweli la vyanzo 339. Nimelisoma kama wengine wasomavyo utenzi. Kila mstari una jina ambalo lenyewe ni anwani: 4U 1617-15 ni saa 16 na dakika 17 za mbingu, digrii 15 kusini, ndiye yule wa Akarabu, na mbele yake pameandikwa hesabu 17,000 kwa sekunde; 4U 0531+21, mabaki ya nyota iliyolipuka na Wachina wakaiandika mwaka 1054, ana 947. Yumo mmoja katika kundi la Kantarusi anayepiga kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili na kidogo hupotea nyuma ya mwenzi wake. Yumo 4U 1956+35, aliyekuwa akitikisika kwa kasi hata ikabidi awe mdogo mno, na kutokana naye wanafalaki wakapata mgombea wao wa kwanza wa dhati wa shimo jeusi. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nilikwenda Ngomeni kulitazama jukwaa, na mvuvi mmoja mtu mzima akanichukua kwa mashua yake, mjukuu wake akiwa omoni. Mzee alipouliza picha iliyopigwa na mtambo ule iko wapi, nilitoa mkobani ukurasa wa jadweli. Yule kijana akamsomea babu yake namba, na mzee akamsimamisha kwenye 17,000, akataka nimwonyeshe aliko. Nikamwambia, "Mzee wangu, sasa ni mchana." Akacheka: "Mwalimu, hata usiku usingenionyesha. Si umesema hazionekani?" Msomi mwenzangu, na shahada zake zote, hajawahi kunibana namna ile.

Wenzangu wa fani hunijibu kwamba jadweli si picha. Husema kwamba darubini ya kwanza kupiga taswira halisi za eksirei za nyota ilikuwa Einstein ya mwaka 1978. Kwamba ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, ilivipata vyanzo kwa makumi ya maelfu. Kwamba visanduku vya Uhuru, yaani vipande vya mbingu ambamo kila chanzo kilikadiriwa kuwamo, vilikuwa vipana na baadhi ya vyanzo vyake havikuthibitika. Na kwamba mtambo ulikuwa wa Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, na sehemu yetu ilikuwa bahari na Ikweta tu. Yote ni kweli. Nimeyapima moja moja, kwa insafu niliyojaaliwa, na bado nasema kwamba taswira kubwa kuliko zote za mbingu zilizopata kutoka Afrika ya Mashariki ni lile jadweli lisilo na rangi hata moja, kwa kuwa picha nyingine zote, pamoja na zile za kupendeza, chini yake ni hilo hilo: mahali, na idadi ya mwanga uliofika.

Katikati ya mwezi ujao wa Julai, saa tatu za usiku, yule wa 17,000 atapita karibu na utosi wetu hapa Masaki, digrii kama tisa hivi upande wa kusini. Walimu wawatoe watoto nje wakati huo, wawaonyeshe Akarabu, kisha wawaambie nini kipo pale wasichokiona.

Nina ombi moja kwa wakuu wa shule. Msizibandue picha. Chini ya kila moja andikeni chombo kilichoipiga, aina ya mwanga, na kila rangi imewekwa mahali pa nini. Ile isiyoweza kuandikiwa hayo ndiyo muiondoe. Na pembeni ya zile zitakazobaki muweke ukurasa mmoja wa jadweli la Uhuru, lililochapishwa mwaka 1978 na William Forman, Christine Jones na wenzao, na ambalo leo linasomeka bure katika intaneti. Nakala nimekuja nazo, ziko juu ya meza karibu na mlango, na shule za Masaki zichukue kwanza.